Goti la Kulia

Mutheu mwanangu,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali, na mwandishi husema yeye ni mzima, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Sasa mimi nitaanzaje, na wewe uko chumba cha pili unapiga nguo pasi, tena nasikia unavyoibamiza ile pasi mezani kana kwamba mna kesi? Hali yako naijua. Hujala tangu asubuhi, na umeniambia umeshiba. Hali yangu utaijua ukisoma mpaka mwisho.

Mambo ya blanketi, mafuta ya taa na baridi ya kule chini ya Kilimanjaro nimemwachia baba yako. Yeye anapenda kutoa maagizo na wewe unapenda kumwitikia, kwa hivyo mtaelewana. Mimi nataka kusema lile jambo ambalo tangu mwaka juzi tunalizunguka humu nyumbani kama ng'ombe aliyelala mlangoni.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kitu nilichosikia Jumatano ya wiki jana. Mwalimu mkuu wa shule ya Entarara, huko uendako kesho, alikupigia simu kuhusu kazi, na mimi nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki. Nilikusikia ukimjibu kwa adabu, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, darasa la nne nitafundisha, hesabu naweza. Halafu nadhani alikuuliza kama unaweza kusaidia upande wa michezo. Kisha ukasema, "Hapana mwalimu. Mimi sijawahi cheza kitu."

Sijawahi cheza kitu. Nilibaki na kisu mkononi nikashindwa kuendelea. Nilitaka kutoka nikupokonye ile simu, nimwambie yule mwalimu kwamba anayeongea naye alikuwa winga wa kulia wa mpira wa magongo, na shule zote za Kajiado zilimjua kwa jina. Lakini sikutoka, kwa sababu aliyekufundisha kusema uongo juu ya mwili wako ni mimi. Ukakata simu, ukaingia jikoni, ukaniuliza kama chai iko. Nikakupa chai. Ndivyo tunavyoishi mimi na wewe, tunapeana chai.

Nianze mbali kidogo, maana mengine labda huyakumbuki. Tulihamia Kitengela kutoka Mwala miaka ya tisini, baba yako alipopata kazi kwenye kiwanda cha simiti na mimi nikaingia kushona jeans. Wakati huo nyuma ya ploti yetu hapakuwa na nyumba hata moja. Ilikuwa ni nyika tu mpaka macho yachoke, na mvua ikinyesha pundamilia walikuja kunywa maji kwenye mtaro. Wewe uliogopa kila kitu: pundamilia, radi, mbwa wa mwenye ploti. Kwa kuwa una jina la mama mkwe wangu, baba yako alikuwa akikuita mwaitu, mama yetu, na mimi pia nikazoea kukuita hivyo, na nilipokasirika nilishindwa kukugombeza vizuri. Utamgombezaje mama mkwe? Ukakua hivyo, mwoga na mwenye kuheshimiwa.

Kitu kimoja hukukiogopa, nacho ni ule mpira mdogo mweupe, mgumu kama jiwe. Mlipoanza kuucheza darasa la tano shule ilikuwa na magongo machache, na mwalimu akasema mtoto anayeweza aje na lake. Ulilia mpaka baba yako akaenda kwa Baba Sironka, jirani yetu wa mbuzi. Alikuja asubuhi moja amebeba gongo la oloirien, ule mti mgumu ambao Wamaasai huchongea rungu.

"Supa, Mama Mutheu," alinisalimia kwa Kimaasai, akiligeuzageuza mkononi. "Mimi nimechonga fimbo tangu nikiwa kijana, lakini hakuna ng'ombe imewahi niambia inataka kupigwa na kitu iko na mguu kama hii."

"Si ya ng'ombe. Ni ya hockey."

"Na hiyo hockey iko na maziwa?"

Ulicheka wewe mpaka ukakaa chini. Na gongo lenyewe lilikuwa zito, hata mimi nililiinua kwa mikono miwili. Wewe ulilizoea. Kila ulipotoka shule ulipiga mpira kwenye ukuta wa choo cha ploti, ko, ko, ko, mpaka wapangaji wakasema hawawezi hata kujisaidia kwa amani. Ulipofika sekondari kule Kajiado na kupewa gongo la dukani, uliniambia ni jepesi kama mwiko.

Nilikuja kukuangalia mara chache, kwa sababu ruhusa kazini ni ngumu. Mpaka leo sijui kwa nini ile filimbi hupulizwa kila wakati. Mimi nilifuata tu ile sketi yako niliyokupunguzia kiuno, ikipepea kando ya mstari wa kulia, na wenzako wakija nyuma wamechoka. Ukipiga, mpira uligonga ubao wa goli kwa kishindo hadi nikashika kifua. Nilimwambia mama mmoja aliyekaa karibu nami, "Huyo ni wangu." Akaniambia, "Najua, umeshasema mara tatu."

Siku moja kati ya hizo Madam, mwalimu wenu wa michezo, alituita kando baada ya mechi. Alisema kuna uteuzi wa timu ya taifa ya vijana, na ukichaguliwa kuna timu za Nairobi ambazo huwapa wachezaji kazi na kuwasomesha. Tangu hapo hukuwa na mpango mwingine. Wenzako walipokuwa wakiulizana nani atakuwa nesi na nani atakuwa mwalimu, wewe ulikuwa umemaliza kuchagua.

Halafu ikaja mechi ya kiangazi, ukiwa kidato cha tatu. Uwanja ulikuwa umekauka na kupasuka. Mguu wako wa kulia ulibaki kwenye ufa, mwili ukaenda na mpira. Mimi sikuwepo. Nilikukuta hospitalini, goti limevimba kama kibuyu, na wewe unamuuliza daktari kama utakuwa tayari kwa uteuzi.

Daktari alizungumza na mimi. "Mama, huyu asicheze mpaka mwaka ujao. Mrudi tuangalie zile kamba za ndani ya goti, inaweza kuwa moja imechanika."

Uteuzi ulikuwa baada ya wiki chache tu. Nilikuleta nyumbani Kitengela, na kanisa likaanza kukuombea. Hilo sitawahi kulidharau, waliomba kwa moyo. Mama Kalondu, kiongozi wetu wa akina mama, alifunga kibanda chake cha mboga kila jioni akaja kukupaka mafuta, akalia juu ya goti lako kama la mtoto wake wa kuzaa. Uvimbe ukashuka. Ukaanza kutembea hadi dukani na kurudi.

Baba yako alisema, "Kushuka ni kushuka, si kupona. Mimi sijui hockey, lakini daktari nilimsikia." Nikamwambia imani yake ni ndogo. Akavaa buti zake, akaenda kazini.

Jumapili ile ulikuwa umekaa safu ya nyuma na wasichana wenzako. Mimi nilipewa maiki wakati wa ushuhuda. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Nikasema tena, wakaitikia zaidi, na nikahisi joto likinipanda kichwani. Nikasema daktari amekataa lakini Mungu amekubali. Kisha nikakuita.

"Mutheu, kuja hapa, mwaitu. Kuja wakuone. Ruka."

Uliniangalia. Nilijiambia ni aibu ya wasichana.

"Ruka, mama. Ruka Shetani aone haya."

Ukaruka. Ukaruka tena. Vigelegele vikajaa kanisa, viti vya plastiki vikaanguka, mchungaji akaanza kucheza. Na ulipotua mara ya pili niliona mdomo wako ukikaza, na mkono ukitafuta kitu cha kushika, na hapakuwa na kitu. Niliona, Mutheu. Hakuna mtu aliyekuwa karibu nawe kuliko mimi. Nikainua maiki nikasema Haleluya.

Sijui kama umewahi kujua kwamba niliona. Sasa unajua.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonishika siku ile. Ningependa kusema ni imani, na imani ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Kazini mimi ni mtu wa mifuko ya nyuma. Nashona mfuko wa nyuma wa suruali ambayo mwenye kuivaa sitamwona kamwe, na supavaiza hajui jina langu, huniita wewe wa laini ya nne. Baada ya ushuhuda ule nikawa mtu. Nilialikwa kwa akina mama wa Kajiado, nikaalikwa hadi Ewuaso Kedong, nikakalishwa mbele na kupewa soda kabla ya wengine. Kila mahali nilisimulia goti lako, na kila nilipolisimulia lilipona haraka zaidi. Nilipenda. Sitakudanganya kwamba kuna mtu alinisukuma.

Wewe ukaachiwa kazi ya kutembea. Sokoni wanawake walikusimamisha, "Si ni huyu alipona?" na wewe ukanyoosha mguu wakuone. Nilikuwa nikifagia chumba chako nakuta vitambaa ulivyokandia goti, vimelowa maji ya chumvi, vimesukumwa chini ya kitanda. Nilivifua, nikavianika, nikavirudisha palepale. Hukuniuliza ni nani alivifua.

Siku ya uteuzi nilibadilishana zamu nikaja Nairobi. Kanisa zima lilikuwa limefunga, niliwaomba mimi mwenyewe. Ulicheza vizuri mpaka wale watu waliokaa na kalamu wakaanza kuulizana jina lako. Nilimsikia mmoja akisema, "Huyo wa kulia," na moyo wangu ukaruka. Halafu ukapokea mpira, ukataka kugeuka umwache beki, na goti likakataa. Hakuna aliyekugusa. Ulianguka peke yako.

Nilikimbia uwanjani na viatu vyangu vya kanisani, refa akinipulizia filimbi nitoke. Nilipopiga magoti kando yako ulikuwa umeuma mkono ili usilie. Ukanishika blauzi ukanivuta karibu. Nilifikiri utasema inauma.

"Mum," ulisema, "usiambie watu wa church."

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Goti lilikuwa limekwisha, timu imekwisha, na wewe unanitafutia mimi mahali pa kujificha. Mzazi mwenye akili angekukatalia palepale. Mimi nilitikisa kichwa kwamba sitawaambia, tena nilisikia nafuu. Nafuu hiyo naionea haya kuliko mambo mengine yote niliyoandika hapa.

Lakini Kitengela haina siri. Mama Kalondu aliniita nikipita kibandani kwake.

"Nimesikia Mutheu ameumia tena. Si ile goti ya maombi?"

"Apana," nikasema. "Ni hii ingine. Ya kushoto."

Lilitoka kabla sijafikiri. Na yeye akashika mikono yangu miwili, mikono yake ina majimaji ya spinachi, akasema, "Asante Yesu. Kumbe ile ya kulia imesimama."

Jumapili ikafika, na nilijua watataka kukuona. Nilikaa kitandani kwako na bendeji. Niliifungua kutoka goti la kulia nikaizungusha kwenye la kushoto, lile zima, nikaibana kwa pini. Uliangalia mikono yangu ikifanya hiyo kazi na hukupinga. Uliuliza jambo moja tu.

"Sasa nitachechemea na gani?"

"Na ya kushoto. Jikaze tu kidogo mpaka tutoke."

Ukasimama. Ukaelemea lile goti lililochanika ili ulipumzishe lile zima, ukatembea hivyo kutoka mlangoni mwa kanisa hadi mbele, na jasho likikutoka juu ya mdomo. Wakaliombea goti la kushoto. Mimi niliitikia Amina. Hiyo ndiyo siku ya mwisho uliyoingia kanisani, na sijawahi kukuuliza sababu, maana ningeuliza ungenijibu.

Nimefikiri sana hilo neno jikaze, nililitoa wapi. Kwetu Mwala, nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe darasa la tano, mwiba uliniingia kisiginoni tukitoka mtoni na maji. Nilitembea nao mpaka nyumbani bila kutua mtungi. Kulikuwa na wageni, na mama yangu akawaambia, "Huyu wangu halii." Wageni wakanisifu. Kile kisigino kilioza nikakaa muhula mzima bila kwenda shule, lakini nilichokumbuka miaka hii yote ni kusifiwa. Nikakulea na hiyo sifa, nikidhani nakupa kitu kizuri.

Daktari wa Nairobi alisema linahitaji upasuaji, tena mapema. Pesa hatukuwa nazo, hiyo ni kweli. Lakini wewe umekulia hapa, unajua watu wakikwama huitisha harambee, na kanisa letu lingekuwa la kwanza kusimama. Mimi sikuitisha. Wangekuja kukuona wodini, shuka ingefunuliwa, na bendeji ingekuwa mguu wa kulia. Nikamwambia baba yako tungoje likizo yake, tungoje mwisho wa mwaka, tungoje umalize mtihani usisumbuke. Wewe ulimaliza kidato cha nne ukikaa kwenye benchi kando ya uwanja, ukiwashikia wenzako maji.

Baba yako alipochoka kungoja alichukua mkopo kazini bila kuniuliza. Daktari aliangalia picha ya goti kwa muda, akasema atalitengeneza uweze kutembea, lakini mchezo tusahau, goti limesagika ndani. "Mngekuja mapema," alisema, na aliniangalia mimi. Wewe uliangalia dirishani. Baba yako hajawahi kunitupia neno kuhusu jambo hilo. Kuna siku natamani angenitupia.

Ulipotoka hospitali ulipeleka gongo lako shuleni ukampa Madam. Nilijua nilipokuta msumari mtupu ukutani. Hukulia mbele yangu, na mimi nikawaambia watu umekubali mapenzi ya Mungu vizuri sana.

Sasa nikuambie nilichofanya Jumapili iliyopita. Siku nne nilikuwa nimetembea na lile neno lako, sijawahi cheza kitu. Mashine inalia na mimi nalisikia. Wakati wa ushuhuda ulipofika nilisimama kwenye mstari na wengine, na mchungaji akatabasamu aliponiona, maana ni muda sijashuhudia. Nikapewa maiki. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia.

Nikasema, "Mtoto wangu Mutheu aliumia goti ya kulia. Haikupona. Mimi nilisema imepona juu nilitaka ipone, nikamwambia aruke hapa mbele yenu. Ile ya kushoto haikuwa na kitu. Nilifunga bendeji kwa mguu mzima."

Nilikuwa nimepanga kuendelea, kuna maneno mazuri nilikuwa nimeyatayarisha ya kuomba msamaha. Nikaishusha maiki. Hakuna aliyesema Amina. Kinanda kilianza, kikaacha. Mchungaji alinitoa maiki mkononi polepole, akasema tuimbe, na wimbo wenyewe ulichukua muda kupata waimbaji.

Nje, Mama Kalondu alinivuta kando ya tanki la maji.

"Mama Mutheu, si ungekuja kwangu tuongee pole pole? Hiyo si ya kusema na maiki."

"Nilidanganya na maiki," nikamwambia.

Aliniangalia sana. "Mimi nilifunga kula juu ya hiyo goti ya kushoto," akasema. "Mwezi mzima." Akachukua Biblia yake akaenda, na tangu hapo hajanisalimia. Ni haki yake. Nimepoteza rafiki na nimelia, na bado sijutii.

Niliporudi ukaniuliza mbona macho mekundu, nikakujibu ni vumbi. Unaona vile tabia ni ngumu kuacha? Natoka kusema ukweli mbele ya kanisa zima, na ngazi za hili ghorofa tulilohamia hazijaisha nimeshasema uongo mwingine. Ndiyo maana naandika. Nikikaa uso kwa uso nawe nitasema mambo ya blanketi.

Sikusema pale ili unisamehe. Kuna kitu nilikuchukulia ambacho siwezi kukurudishia. Nikisikia wasichana wa shule wakipita na yale magongo yao wakielekea uwanjani, nafunga dirisha. Bado naomba kila siku, maana Mungu hakunituma nimsemee, nilijituma. Lakini siombi tena kwa sauti kubwa, na goti lako naliombea jikoni, peke yangu, kwa jina lake halisi.

Huko uendako utapewa watoto wa watu. Mtoto akikuambia haumwi, mwangalie kwanza kama kuna mtu mkubwa nyuma yake anayetaka asiumwe. Wewe utamjua upesi kuliko walimu wote. Na yule mwalimu mkuu akikuuliza tena kuhusu michezo, mjibu utakavyo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini usiseme hukucheza kwa ajili ya kunihifadhi mimi. Ulicheza, mwaitu, na ulikuwa mzuri hadi watu wasiokujua wakaulizana jina lako.

Sasa kuna hili la mwisho. Jana ulipoenda kununua sabuni nilikuwa dirishani. Ulikuwa umetoka mlangoni wima kama kawaida, ukashuka ghorofa zote kwa hatua sawasawa, kwa sababu unajua nasikiliza. Ulipofika chini, mahali unapodhani haonekani mtu, uliegemea ukuta, ukainama, ukalishika goti kwa mikono miwili. Ulikaa hapo mpaka jirani mmoja akapita akakusalimia. Halafu ukajinyoosha ukaenda dukani. Na mimi miezi yote hii nimekuwa nikimwambia baba yako, mtoto anatembea vizuri siku hizi.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako ukienda kuoga. Usinijibu. Usije jikoni kuniambia ni sawa Mum, kwa sababu si sawa, na umenifariji vya kutosha. Kesho asubuhi tutatoka pamoja, wewe na baba yako na mimi. Majirani watakuwa milangoni, na pale chini tutapita mbele ya kibanda cha Mama Kalondu, maana njia ya steji ni hiyo moja. Begi nitabeba mimi. Wewe shika ukuta, na ukihitaji kusimama tutasimama, gari litangoja au litatuacha. Na likiuma, mwanangu, chechemea. Chechemea na mguu wa kulia, mbele yangu, watu wakiona.

Mimi mama yako.